Maji yanadondoka tu: ubadili bomba, upandishe tenki au ununue pampu ya presha?

Ukilalamika hapa Tanga kwamba maji nyumbani hayana presha jibu utakalopewa ni moja tu, nunua pampu. Muuza vifaa anasema pampu, jirani anasema pampu, fundi nae anasema pampu. Na zipo nyumba ambazo pampu ndo jibu lenyewe, sikatai kabisa. Ila zipo nyingine, na kwa ninavyoona ndo nyingi zaidi, ambazo shida wala haikuwa presha, shida ilikuwa njia ya maji imeziba au ni nyembamba, mtu akafunga pampu ya nusu hosipawa na bado shawa inatoa maji ya kunawa uso, alafu bomba la zamani likaanza kuvuja ndani ya ukuta na rangi ikababuka.

Kwa hiyo nataka nilinganishe hizi njia moja moja, kusafisha, kubadili bomba, kupandisha tenki, pampu kubwa ya presha na vile vipampu vidogo vya shawa, ili mtu ajue pesa yake anaipeleka wapi. Bei sitaziandika maana zinabadilika kila mwezi na kila duka, ila nitasema kipi ghali kuliko kipi.

Pima kwanza, usinunue kitu

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna msukumo, yaani maji yanasukumwa kwa nguvu gani, na kuna njia, yaani maji yanapita kwenye tundu la ukubwa gani. Ukikosa kimoja kati ya hivyo maji yanadondoka vilevile, kwa macho huwezi kutofautisha. Dawa zake lakini ni tofauti kabisa.

Chukua ndoo ya lita 20, iweke kwenye koki iliyo karibu zaidi na mita, ifungue yote, pima kwa simu inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika 2 una lita 10 kwa dakika, nyumba ya kawaida hiyo inatosha kabisa. Sasa rudia bafuni na jikoni. Kama ya nje imejaa kwa dakika 2 na ya bafuni dakika 6, shida iko ndani ya nyumba yako, usihangaike kupiga simu mamlaka ya maji. Kama hata ile ya kwenye mita inajikongoja basi shida iko kwenye mita, kwenye valvu yake au mtaani kabisa. Rudia usiku wa manane pia, maana usiku watu wamefunga koki na presha ya mtaani inapanda, ukiona usiku maji yanaruka na saa moja asubuhi yanalia basi hapo mtaa mzima mnagombania bomba moja.

Kipimo cha pili ndo nakipenda zaidi. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ule mafundi ujenzi wanaopimia levo, ubane vizuri kwenye koki, upandishe ukutani mpaka juu ya dari ukiweza, uufunge na kamba kwenye ngazi. Fungua koki taratibu. Maji yatapanda kwenye mpira mpaka mahali fulani yatasimama, na hapo yaliposimama ndo msukumo wako, kila mita 10 za kimo ni bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo yakisimama mita 3 juu ya koki una bar 0.3. Kama nyumba inatumia tenki maji yatasimama sawasawa na yalipo ndani ya tenki, hata kama bomba limeziba karibu lote, yatachelewa tu kufika ila yatafika. Sasa ukiona maji yamepanda mpaka usawa wa tenki, ukitoa mpira koki inatoa uzi mwembamba, hapo msukumo upo na njia hamna. Pampu haitakiwi hapo, sio bado.

Kusafisha: bei ya siki

Hili nalipitia haraka maana kila mtu anaweza kulifanya leo. Mdomoni mwa koki nyingi za kisasa kuna kijichujio cha waya, kifungue, utakuta mchanga na vipande vya plastiki ambavyo fundi aliviacha kwenye bomba. Kichwa cha shawa kiloweke kwenye siki usiku kucha kisha usugue na mswaki. Sisi huku tunakaa juu ya mawe ya chokaa, ndo maana mapango ya Amboni yapo na ndo maana saruji inatengenezwa Pongwe, kwa hiyo mwenye kisima chake chokaa inaganda kwenye matundu ya shawa na kwenye hita haraka sana. Mwenye maji ya kisima hili ni la kurudia rudia, sio mara moja kwa maisha.

Alafu valvu. Ile geti valvu ya kuzungusha mara nyingi, ikikaa miaka bila kuguswa lile sahani la ndani linakatika kwenye shina lake, wewe unazungusha juu unaona imefunguka kumbe sahani limebaki limedondokea njiani limeziba. Nimeona nyumba ya wapangaji Makorora watu wameteseka miezi na kitu cha kutolewa kilikuwa hicho tu. Weka bol valvu badala yake, ile ya mpini wa robo mzunguko, mpini ukilala sambamba na bomba imefunguka yote na huna haja ya kubahatisha.

Ndani ya mita nako kuna kichujio kinachojaa mchanga hasa baada ya bomba la mtaani kupasuka na kurekebishwa. Ila mita sio yako, usiifungue, waite wenyewe waje.

Na tenki, lisafishwe. Tope likifika usawa wa mdomo wa kutokea linaingia kwenye bomba na kutulia kwenye kona ya chini kabisa.

Kubadili bomba: kazi ya fujo ila ndo inayolipa

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana watu wanapakimbia, wanaogopa kuchimbua ukuta.

Nyumba za zamani, Ngamiani hasa kwenye zile barabara za namba, Chumbageni na baadhi ya Raskazone, nyingi bado zina mabomba ya chuma. Chuma kinakula kutu kwa ndani na ile kutu haiondoki, inavimba inaota kama magamba kuelekea katikati. Kuna nyumba moja Ngamiani fundi alikata kipande cha bomba la nusu inchi mbele ya mwenye nyumba, mama mtu mzima, akampa akishike. Kwa nje bomba zima, halina hata doa. Kwa ndani kumejaa kitu cheusi chekundu kigumu na tundu lililobaki halipitishi hata kalamu ya risasi. Fundi akamwambia, "Mama, presha unayo, njia ndo huna." Yule mama akakigeuza geuza kile kipande akasema, "Mwanangu, na nimeshaambiwa ninunue pampu mimi." Ingefungwa pampu pale ingefanya nini? Ingesukuma kutu, na kile chuma kilicholiwa kingetoboka mahali pa kwanza palipo pembamba.

Sasa ukibadili usibadili kwa mazoea. Mafundi wengi wanatoa chuma cha nusu inchi wanaweka PPR, yaani bomba la plastiki la kuunganisha kwa moto, ya milimita 20 wanakwambia ni saizi ile ile. Sio ile ile. PPR inapimwa kwa nje na kuta zake ni nene, ile ya 20 ya daraja la PN20 (lile la kuhimili bar 20) tundu lake ni kama milimita 13 tu, wakati chuma cha nusu inchi kikiwa kipya tundu lake ni kama 16. Umelipia bomba jipya jembamba kuliko la zamani. Ya milimita 25 ina tundu la kama 16 na nusu, ya 32 ina tundu la 21 hivi.

Na utofauti wake sio mdogo kama unavyoonekana kwa macho. Kwa msukumo ule ule na urefu ule ule, kutoka 20 kwenda 25 maji yanayopita yanakaribia mara mbili, na kutoka 20 kwenda 32 ni kama mara tatu na nusu. Weka hizo namba kichwani tutazirudia tukifika kwenye tenki na pampu. Ni sawa na dafu, ukinywa kwa mrija mwembamba utavuta mpaka mashavu yaume na dafu limejaa tele.

Kwa hiyo bomba kuu linaloshuka kutoka tenkini liwe 32, au hata 40 kama vyoo viko vingi, linalozunguka nyumba liwe 25, na 20 ibaki tu kile kipande cha mwisho kinachopanda kwenye koki. Gharama ya ziada kwenye bomba lenyewe sio kubwa, pesa nyingi iko kwenye kuchimbua ukuta na kurudishia vigae, ambayo utailipa iwe umeweka 20 au umeweka 25. Ukishindwa kuchimbua, pitisha bomba jipya kwa nje ya ukuta, halipendezi sana ila linafanya kazi na ukitaka kulirekebisha unaliona. Jua la huku kali, la nje lifunike au lipake rangi, plastiki inaungua.

Msimamie fundi kwenye kuunganisha. PPR inaunganishwa kwa kuyeyusha, akiacha kwenye moto muda mrefu au akisukuma ndani kwa nguvu plastiki inajikunja ndani inatengeneza mdomo unaoziba nusu ya tundu. Kwa nje kiungo kinaonekana kizuri kinang'aa. Mwambie akuunganishie kimoja cha mfano, akikate katikati, uchungulie. Fundi mzuri hakasiriki kwa hilo.

Kupandisha tenki

Hii ndo mi naipendelea kwa nyumba ya chini ya kawaida, na sababu yangu kubwa ni umeme. Tenki likishajaa juu halijali umeme umekatika saa ngapi.

Tufanye hesabu. Stendi ya mita 3, ndani ya tenki maji yako mita 1, shawa iko mita 2 kutoka sakafuni. 3 jumlisha 1 toa 2, unabaki na mita 2 za msukumo kwenye shawa, bar 0.2. Kidogo sana, na maji yakipungua tenkini unabaki na mita 1 tu. Ukipandisha stendi iwe mita 6 unapata mita 5, bar 0.5, tenki likikaribia kuisha una mita 4. Msukumo umekuwa mara mbili na nusu.

Ila angalia, msukumo mara mbili na nusu hauleti maji mara mbili na nusu, kwa sababu maji yakikimbia zaidi na msuguano ndani ya bomba unaongezeka. Yanaongezeka kama mara moja na nusu na kidogo. Yaani kupandisha mnara kutoka mita 3 hadi 6 kunakupa pungufu ya kile ambacho ungepata kwa kubadili bomba la kushukia kutoka 20 kwenda 25. Ukinielewa hapo umeelewa karibu kila kitu nilichotaka kukwambia. Mtu anajenga mnara wa nondo na zege, anaweka tenki la lita 2000, alafu anashusha maji kwa kabomba ka nusu inchi kenye kona saba. Ukipandisha tenki panua na bomba kwa pamoja, ndo utaona raha yake.

Ubaya wake upo. Kwanza mnara ni ghali na sio kazi ya kubahatisha, lita 2000 ni tani 2 hizo zimekaa juu ya vichwa vya watoto, ukivuka mita 3 tafuta mtu anayejua ujenzi akupe msingi na nguzo. Stendi ya chuma karibu na bahari, Raskazone, Sahare, huko, chumvi inaila haraka sana hasa kwenye maungio ya weldingi, kwa hiyo ama upake rangi ya kuzuia kutu kila inapoanza kubabuka ama ujenge ya zege kabisa. Bomba la kushukia lisipandishwe na kushushwa njiani kama ngamia, likipanda hewa inakaa pale juu na maji yanakata, watu wanadhani tenki limeisha. Lishuke tu mpaka chini, na juu karibu na tenki weka kibomba cha kupumulia kinachovuka kimo cha tenki.

Pili, na hili ndo linawashtua wengi wakati mnara umeshakamilika, maji ya mtaani lazima yafike huko juu. Kama presha ya mtaani kwako ni bar 0.5 haiwezi kupanda zaidi ya mita 5, mdomo wa kujazia tenki la kwenye mnara wa mita 6 uko mita 7 na zaidi. Pima kwanza na ule mpira, usiku na mchana. Ikishindikana inabidi uwe na tenki la chini linalopokea maji yenyewe, na pampu ndogo ya kupandishia juu. Kwa mitaa ya pembeni, kuelekea Pongwe ardhi inapanda, na mingine ya mwisho wa laini ambako maji yanakuja usiku tu, mfumo huu wa matenki mawili ndo wa uhakika kuliko wote ninaoujua.

Pampu ya presha

Hii inavuta kutoka tenki lako na kusukuma ndani ya nyumba, ukifungua koki inawaka yenyewe, ukifunga inazima. Ile ndogo ya nusu hosipawa inatumia umeme wa karibu nusu uniti kwa saa ikiwa inafanya kazi, ya hosipawa moja ni karibu uniti nzima. Inakupa bar 1.5 mpaka 3 bila shida. Kwa ghorofa ambayo tenki liko juu ya bati la ghorofa hiyo hiyo hakuna mnara utakaokusaidia huko juu, weka pampu. Kwa mashine ya kufulia pia angalia kibandiko chake nyuma, ukikuta imeandikwa 0.05 MPa hiyo ni bar 0.5, mita 5 za maji, chini ya hapo itachelewa kujaza au itagoma. Hita ya shawa nayo ina kiwango chake, maji yakiwa na msukumo mdogo haiwaki.

Tulinganishe na tenki sasa. Msukumo wa bar 2 ni mara kumi ya ule wa bar 0.2 wa tenki la mita 3, ila ndani ya bomba lile lile jembamba maji yanaongezeka kama mara tatu na nusu tu, ambayo ni sawa na kutoka PPR ya 20 kwenda ya 32 bila umeme wowote. Kitu ambacho bomba pana haliwezi kukupa ni ule msukumo wenyewe, shawa ya matundu madogo ikuchome mgongoni, hita iwake, mashine ijaze. Ukitaka maji mengi panua njia, ukitaka maji makali weka pampu.

Kuhusu umeme watu wanaogopa kupita kiasi. Kupandisha lita 1000 kwenye mnara kwa pampu ya nusu hosipawa kunachukua kama dakika 40 mpaka 50, chini ya nusu uniti, na pampu ya presha ukitumia lita hizo hizo itakula karibu sawa. Hapo hakuna mshindi. Ila kama uko kwenye tarifu ya bei nafuu, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na tayari una friji na pasi, piga hesabu kabla, uniti chache zinaweza kukutoa humo.

Mshindi anapatikana umeme ukikatika. Mwenye mnara anaendelea kuoga, mwenye pampu tenki limejaa na koki haitoi kitu. Dawa ipo na ni rahisi, mwambie fundi aweke baipasi, bomba la pembeni linaloikwepa pampu likiwa na nonritani valvu, yaani valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, umeme ukikata maji yanashuka kwa uzito wake kupitia pembeni, ukirudi pampu inasukuma na ile valvu inazuia maji yasizunguke kurudi nyuma. Ni vipande vichache tu vya bomba na valvu moja. Sioni sababu ya kufunga pampu ya presha Tanga bila baipasi, na bado nyingi zimefungwa hivyo.

Mambo mengine ya kuangalia. Pampu ikae chini ya usawa wa tenki ili maji yaifuate yenyewe. Iwe na ulinzi wa kuzima maji yakiisha, ama kontrola ya elektroniki (kile kifaa kinachoiwasha na kuizima pampu) yenye kitu hicho ama floti ndani ya tenki, ikizunguka kavu sili inaungua. Ukiweka kontrola peke yake bila tangi la presha kila tone linalovuja kwenye flashi ya choo litaiwasha pampu, utaisikia usiku inawaka inazima, inawaka inazima, huo ni umeme na uhai wa mota unaondoka. Kwa hiyo rekebisha vyoo vinavyovuja kwanza. Lile tangi dogo jekundu au la bluu lenye mpira ndani linasaidia sana, ila lina hewa ya kujazwa kwa pampu ya baiskeli, ikiisha linakuwa pambo. Hewa yake iwe pungufu kidogo ya presha ambayo pampu inawakia, kama inawaka kwenye bar 1.4 jaza 1.2, na ujaze pampu ikiwa imezimwa na koki ziko wazi.

Umeme ukiwa mdogo mota inachemka. Unaona taa zinafifia jioni? Usiilazimishe pampu muda huo.

Vile vipampu vidogo vya kufunga kwenye bomba la shawa, vya wati 90 au 120, mi sivichukii. Vinaongeza kama mita 8 mpaka 10 kwa makadirio ya kiwandani, havipigi kelele sana, na mpangaji anaweza kukifungua akahama nacho. Kwa mtu mwenye bafu moja na tenki la chini kinatosha, shida ni chumvi na mchanga, vinakwama, kwa hiyo weka kichujio mbele yake. Na kwa kuwa ni umeme bafuni, waya wa ardhi uwepo kweli na sio kwenye soketi tu kwa jina.

Cha kutokufanya

Usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Najua inafanyika. Mamlaka za maji zinakataza, na hata zisingekataza angalia kinachotokea, pampu inavuta bomba la mtaani mpaka ndani yake kunakuwa hakuna presha, inanyonya, na kila penye ufa au kiungo kinachovuja maji machafu ya mtaroni yanaingia ndani badala ya yale safi kuvuja kwenda nje. Mtoto wa jirani atakunywa hayo, na wako pia. Pokea maji kwenye tenki kwanza, kisha sukuma kutoka kwenye tenki.

Sasa wewe uko wapi

Nyumba ya zamani yenye mabomba ya chuma, iwe Ngamiani iwe Chumbageni: bomba kwanza, hata kama ni la kushukia tu na la bafuni, mengine yafuate pesa ikipatikana. Pampu usiguse mpaka chuma kitoke.

Nyumba mpya ya chini, Kange, Mwakidila, Masiwani, unaanza kujenga: una bahati, weka bomba pana toka mwanzo, acha nafasi ya tenki la chini na la juu, na pitisha waya wa pampu hata kama hununui pampu saivi.

Mpangaji: safisha, badili valvu kwa makubaliano na mwenye nyumba, kisha kapampu kadogo.

Ghorofa, au nyumba ya wageni yenye vyumba vingi ambavyo watu wanaoga kwa wakati mmoja: pampu ya presha yenye tangi lake na baipasi, na bomba la 32 kwenda juu, moja bila jingine ni kupoteza pesa.

Na kama kipimo chako kilionyesha shida iko mtaani, ujue kuna mambo yanaendelea. Maji ya mjini yanatoka Mto Zigi, yanakusanywa Bwawa la Mabayani na kusafishwa Mowe, na Februari 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa, walizindua hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua huduma hiyo ya maji. Mabomba ya mtaani yakibadilishwa presha itapanda, na mwenye chuma kilichooza au viungo vya kubabaisha ndani ya ukuta hiyo presha itamtafuta yeye wa kwanza. Kwa hiyo siku fundi akimaliza kazi usimlipe hela ya mwisho kabla hajafunga koki zote na wewe hujasimama mbele ya mita ukiangalia ile sindano ndogo au kigurudumu kinachozunguka. Koki zote zimefungwa, boya la tenki limefunga, na bado kinazunguka? Kuna mahali panavuja, atafute kwanza. Na kabla hajafunga vichwa vya koki na shawa afungulie maji yapite wazi dakika kadhaa yatoe mchanga na vipande vya plastiki, la sivyo wiki ijayo utarudi kwenye siki na mswaki.